Ubao wa Gololi: Kufundisha Umeme na Bahati kwa Mfano wa Mashine ya Pinboli

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu-mwanafunzi mmoja aliyepangiwa shule ya ufukoni mwa Ziwa Nyasa aliniletea shauri. Mvulana wa darasa la tano, ambaye mama yake humtuma kuuza usipa siku za Jumamosi, alikuwa amerudi nyumbani mara tatu bila fedha. Sarafu zote zilikuwa zimeingia katika dubwi, ile mashine ya taa na picha za matunda iwekwayo barazani mwa duka. Mwalimu-mwanafunzi alimkemea mbele ya wenzake, na darasa zima likanyamaza. Baada ya kipindi ndipo mvulana alipomfuata nje, akamweleza kwa upole: “Mwalimu, mimi sichezi ovyo kama wengine. Nimekwisha kuijua. Ukibonyeza taa inapopita kwenye kengele, inatoa.”

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza michezo hiyo, na ni wajibu wa mwalimu kulisema jambo hilo kwa wazazi na kwa uongozi wa kijiji. Lakini sheria haimjibu mvulana yule. Yeye anadai kwamba ameichunguza mashine, ameona mwenendo wake, na sasa mkono wake unaitawala. Hiyo ni dhana ya kisayansi, ingawa ni ya makosa, na dhana hujibiwa kwa jaribio. Je, tutalifanyaje jaribio hilo darasani bila kumleta dubwi darasani?

Njia ninayoipendekeza imetoka katika mashine nyingine ya ukoo huo huo, iliyotamba katikati ya karne ya 20: mashine ya pinboli ya umeme na vyuma. Nayo ililishwa sarafu, nayo ililalamikiwa na wazazi na mameya, na kwa muda mrefu watu walibishana kama inachezwa kwa ustadi au kwa bahati. Tofauti ni kwamba ukiifungua unaona kila kitu kinavyofanya kazi, na sehemu zake kuu zaweza kutengenezwa na watoto kwa ubao, misumari na betri za tochi.

Kutoka springi hadi koili

Pinboli ilianza bila umeme. Katika karne ya 18 Wafaransa walicheza bagateli, mchezo wa kusukuma gololi kwa fimbo juu ya meza yenye vijiti na mashimo. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyekuwa akiishi Cincinnati nchini Marekani, alipewa hataza ya kuiboresha bagateli. Mahali pa fimbo aliweka kisukumizi chenye springi. Mwaka 1931, Marekani ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball, ndogo kiasi cha kuwekwa juu ya kaunta ya duka. Kwa senti 1 mchezaji alipewa gololi kadhaa. Makumi ya maelfu ya mashine hizo yaliuzwa.

Tazama mchezaji wa mwaka 1931 alikuwa na kazi gani. Alivuta springi, akaiachia, basi. Baada ya hapo gololi iligongana na misumari na kuangukia ilikoangukia. Wenye nguvu waliitikisa na kuinamisha mashine nzima ili kuipeleka gololi watakako, na hicho kilikuwa karibu chanzo chote cha “ustadi” uliokuwapo.

Umeme uliingia mwaka 1933, katika mashine ya Harry Williams iitwayo Contact. Ndani yake mlikuwa na betri kavu. Gololi ikitumbukia katika shimo fulani iligusisha swichi, mkondo wa umeme ukapita katika koili, na koili ikaitupa gololi nje ili iendelee na safari. Ni jambo dogo, lakini kwa mara ya kwanza meza ilimjibu mchezaji.

Ndani ya kifuniko

Zama ninazozisema hasa ni zile za kuanzia mwaka 1947 hadi miaka ya mwisho ya 1970, kabla mashine za elektroniki hazijashika nafasi. Gololi yake ilikuwa ya chuma cha pua, yenye kipenyo cha milimita 27 hivi na uzito wa gramu 80. Meza iliinama kidogo tu, kiasi cha nyuzi 3 na nusu, yaani kwa kila mita 1 ya urefu kichwa cha meza kiliinuka sentimita 6. Mtoto wa Umatengo hana haja ya kuelezwa mwinamo ni nini. Ameona mashamba ya ngoro yalivyochimbwa ubavuni mwa milima, na anajua kwamba mashimo yale huizuia mvua isikimbie yote bondeni kwa mara moja. Msumari katika meza ya pinboli humfanyia gololi kazi kama hiyo: humchelewesha na kumbadilishia njia.

Chini ya meza ndiko kulikokuwa na elimu. Mkufunzi wa sayansi akipewa mashine moja ya zamani pamoja na bisibisi, hatahitaji zana nyingine kwa muhula mzima.

Cha kwanza ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye bomba. Mkondo ukipita, koili huwa sumaku na kukivuta ndani kipande cha chuma kilicho mdomoni mwa bomba. Mkondo ukikatika, springi hukirudisha nje. Kwa mwendo huo mmoja wa kuvuta na kurudisha, mashine iliweza kupiga kengele, kurusha gololi na kusukuma meno ya gurudumu.

Cha pili ni rilei. Hii ni koili ambayo, badala ya kupiga kitu, huvuta bati dogo linalounganisha au kutenganisha swichi nyingine. Koili moja ndogo yaweza kuwasha sakiti tano na kuzima mbili kwa mpigo mmoja. Aidha, rilei yaweza kufungwa waya kwa namna ambayo ikishavutwa inajishikilia yenyewe mpaka sakiti yake ikatwe mahali pengine. Hivyo ndivyo mashine ilivyokumbuka kwamba shabaha fulani imekwisha kupigwa. Kumbukumbu ile ilikuwa bati lililovutwa, na ungeweza kuligusa kwa kidole.

Cha tatu, na hiki nakipenda kuliko vyote, ni magurudumu ya kuhesabia. Kila gurudumu liliandikwa 0 hadi 9. Kila pointi ilipopatikana, koili ilisukuma gurudumu la mamoja jino moja. Gurudumu lilipofika 9, lilifunga swichi iliyokuwa imeachwa wazi; kwa hiyo msukumo uliofuata ulikwenda mahali pawili, ukarudisha mamoja kwenye 0 na wakati huo huo ukasogeza makumi hatua moja. Sisi walimu husema “andika sifuri, chukua moja mkononi”, na watoto hurudia maneno hayo miaka miwili bila kujua ile moja imetoka wapi. Pale ndani ya pinboli “moja mkononi” ilikuwa waya. Hata bila mashine, mwalimu anaweza kukata magurudumu matatu ya boksi, akayaandika tarakimu, akamweka mtoto mmoja kwa kila gurudumu, na kumwagiza wa mamoja amguse jirani yake bega kila anapovuka 9. Watoto wa darasa la pili hulielewa jambo hili kwa dakika kumi.

Cha nne ni kifaa kilichobuniwa dhidi ya wale watikisaji: uzito mdogo unaoning’inia katikati ya pete ya chuma, kama timazi ya mwashi. Mashine ikitulia, uzito hauigusi pete. Ikitikiswa kupita kiasi, uzito hugonga pete, sakiti hufungika, na mchezo wa gololi ile hufa hapo hapo.

Ndipo tunafika mwaka 1947. Mwaka huo kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine ya Humpty Dumpty, aliyoibuni Harry Mabs, yenye vibawa sita vilivyoendeshwa kwa koili. Mchezaji alibonyeza kitufe ubavuni, koili ikavuta, kibawa kikaipiga gololi na kuirudisha juu. Tangu hapo mkono wa mchezaji ulikuwa na kazi wakati wote gololi ilipokuwa mezani. Aliyejifunza kubonyeza kwa wakati wake alicheza muda mrefu kuliko asiyejifunza.

Mabishano ya New York

Lakini sheria za miji hazikubadilika upesi kama mashine. Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia wa New York alikuwa amepiga marufuku pinboli, akidai kwamba ni kamari inayowanyang’anya watoto sarafu za chakula cha mchana. Mashine zilikamatwa kwa maelfu na nyingine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Tuseme kweli: kwa mashine za springi na misumari, hoja yake haikuwa ya kupuuzwa.

Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976. Mwaka huo mwandishi Roger Sharpe aliitwa mbele ya wajumbe wa halmashauri ya jiji acheze wakimtazama. Alicheza vizuri, lakini kilichowashawishi ni jambo moja: kabla ya kuvuta springi alitangaza gololi itapita njia ipi, kisha akavuta, na gololi ikapita njia hiyo hiyo. Marufuku ikaondolewa. Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri kwamba kwa pigo lile bahati ilimbeba.

Ndugu mwanachuo, simama hapa kidogo. Wajumbe walitaka kujua kama mashine inautii mkono wa mtu. Njia waliyoichagua ilikuwa njema: mtu atabiri kwanza, kisha atende. Kosa lao ni kuridhika na pigo moja. Mvulana wa usipa naye aliona taa ikisimama kwenye kengele siku moja au mbili, akaridhika. Darasa letu litafanya vizuri zaidi kuliko halmashauri ya New York, kwa kuwa litarudia.

Ubao wa kwanza: ubao wa bahati

Tafuta ubao wa paini wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 hivi. Mbao za mlingoti hupasuka zikipigwa misumari karibu karibu. Katikati ya ubao, upande wa juu, piga msumari mmoja. Chini yake piga miwili, kisha mitatu, kisha minne, kila msumari ukiwa katikati ya nafasi ya ile miwili iliyo juu yake, mpaka upate umbo la pembetatu. Nafasi kati ya msumari na msumari izidi unene wa gololi kwa milimita 4 au 5 tu; ikiwa pana mno, gololi itaruka safu nzima bila kugusa kitu. Misumari itokeze sentimita 2. Chini ya safu ya mwisho gawanya vyumba vitano kwa vipande vya boksi au vya mianzi. Inua kichwa cha ubao kwa sentimita 10.

Gololi ya kioo ikiachiwa juu ya msumari wa kwanza, itakwenda kushoto au kulia. Katika safu ya pili hali ni hiyo hiyo, na ya tatu, na ya nne. Waambie watoto wahesabu njia zote zinazowezekana kwa kuzichora kwa chaki. Watapata njia 16: moja tu inayofika chumba cha kwanza kabisa, 4 zinazofika cha pili, 6 za katikati, 4 za chumba cha nne, na moja ya mwisho. Sir Francis Galton wa Uingereza alitengeneza kifaa cha namna hii katika miaka ya 1870 ili kuonyesha jambo hilo hilo.

Kisha waachie gololi mara 160, kwa zamu, karani wa darasa akiweka alama. Kwa hesabu ya njia tungetarajia 10, 40, 60, 40 na 10. Hutapata hesabu hiyo barabara, na mwalimu asijaribu kuilazimisha. Ubao ukiwa umelala upande mmoja utaona mara moja rundo linahama. Hilo nalo ni somo, tafuteni pima maji. Lakini umbo la kilima, kirefu katikati na kifupi pembeni, litaonekana hata kwa ubao uliotengenezwa vibaya.

Ubao wa pili: ubao wa mkono

Huu hauna pembetatu. Kando yake ya kulia tengeneza mfereji mwembamba wa mbao, na chini ya mfereji weka kijiti kilichofungwa mpira wa manati. Mtoto huvuta kijiti, huachia, na gololi hupanda hadi juu, huzunguka na kushuka. Piga misumari michache tu. Katikati weka mtego wa umeme: misumari miwili isiyogusana, iliyokaribiana kiasi kwamba gololi ikituama juu yake inaigusa yote miwili. Kwa kazi hii tumia gololi ya chuma kutoka katika beringi ya gari, ambayo gereji za Mbinga mjini huitupa ikichakaa. Ifute mafuta kwanza. Funga waya kutoka msumari mmoja hadi betri mbili za tochi, kutoka betri hadi taa ndogo, na kutoka taa hadi msumari wa pili. Gololi ikituama, taa inawaka. Ikiwa taa ni ya LED na haiwaki, geuza betri kabla ya kumlaumu mtoto.

Kisha mtoto mmoja aweke gololi ya kioo mahali pa ile ya chuma. Wengi watatabiri kwamba taa itawaka kama kawaida. Waache watabiri.

Mwenye nafasi atengeneze na koili pia. Mafundi wa redio na wa mota huwa na waya wa shaba wa zamani. Kwangua rangi kwenye ncha zake mbili, zungusha mara 200 kwenye mrija wa kalamu ya wino mkavu, weka mdomoni mwa mrija msumari mwembamba uliokatwa kichwa, kisha gusa betri. Msumari utarukia ndani. Gusa na uachie; ukiacha waya umeunganishwa, koili itapata moto na betri zitakwisha kabla ya kipindi. Umeme wa ukutani usitumike kabisa katika kazi hizi. Shule nyingi za wilaya za Mbinga na Nyasa sasa zina umeme, na kishawishi kipo.

Jaribio lenyewe

Chagua watoto watano wanaosifiwa na wenzao kwa shabaha, na wengine watano uwafunge macho kwa kitambaa. Kila mmoja acheze mara 20 katika kila ubao. Kabla ya kila pigo atangaze gololi itaishia wapi, na karani aandike tangazo kabla ya matokeo. Katika ubao wa mkono, waonao watawaacha mbali waliofungwa macho, na watazidi kuwaacha kadiri wanavyozoea mpira. Katika ubao wa bahati, kuona au kutokuona hakutasaidia kitu, hata mchana kutwa.

Kipindi kinachofuata ni cha hesabu. Mpe kila mtoto maharage, wala usitumie fedha, hata sarafu moja. Mwalimu ni mwenye mashine. Kila anayeachia gololi katika ubao wa bahati atoe maharage 2. Gololi ikiangukia chumba cha pembeni kabisa, kulia au kushoto, alipwe maharage 10. Watoto hufurahi mno kusikia kwamba mbili zaweza kuzaa kumi. Baada ya muda, waulize hesabu ya mizunguko 16: yameingia maharage mangapi? 32. Njia za ushindi ni ngapi? 2, kwa hiyo yametoka 20. Mwenye mashine amebaki na 12 bila kudanganya mtu na bila kugusa gololi. Kila darasa lina mtoto mmoja au wawili watakaomaliza kipindi wakiwa na maharage mengi kuliko walivyoanza, nao watakuwa na maelezo ya jinsi walivyoachia gololi kwa namna yao. Usiwapinge. Waombe warudie mara 20.

Mwisho ndipo mzungumzie dubwi. Ndani yake hamna koili inayongoja kidole cha mtoto kama katika pinboli ya 1947. Mna programu iliyokwisha kuamua kiasi gani kitarudi kwa wachezaji, na kitufe ni cha kuwekea dau tu. Mtoto hawezi kuifungua akaona, na hiyo ndiyo sababu ya kumfungulia mashine nyingine.

Yule mwalimu-mwanafunzi alifanya masomo haya kwa wiki mbili. Mvulana wa usipa alikuwa karani, na alikuwa karani mkali. Jumatatu ya wiki ya tatu alileta karatasi kutoka katika daftari lake. Jumamosi ile alikuwa amesimama kando ya duka, hakucheza, akaweka alama kila mtu alipobonyeza taa inapopita kwenye kengele. Nilimshauri mwalimu wake amkataze kurudi huko hata kwa uchunguzi, na amweleze mama. Karatasi yenyewe ninayo. Upande ulioandikwa “inatoa” una alama chache; upande wa pili ulijaa hadi chini, ikambidi aigeuze karatasi.